AFYA YA KIJIJI: Masikio yakivuma, je, tupulize dawa puani?

Mwezi huu tunajibu swali la mkulima mmoja wa korosho wa Kibiti, Mkoa wa Pwani. Ameandika hivi:

"Ndugu Mhariri, sikio langu la kushoto linavuma tangu mwezi uliopita. Mchana silisikii sana. Usiku watu wakilala, linalia kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Nilikwenda duka la dawa nikauziwa kichupa cha dawa ya kupuliza puani. Siku tatu za kwanza pua ilifunguka vizuri. Leo ni siku ya 12. Pua imeziba kuliko mwanzo, na sikio bado linalia. Je, niendelee kupuliza, au niongeze kipimo?"

Mzee wetu, jibu ni hili. Usiongeze kipimo. Acha kupuliza dawa hiyo. Kisha nenda kituo cha afya ukapimwe sikio.

Sasa tueleze sababu zake, maana jambo hili linawapata watu wengi.

MVUMO NI NINI?

Mvumo ni sauti ambayo mtu anaisikia masikioni, lakini haitoki nje. Jirani aliyekaa naye haisikii. Mmoja husikia mlio kama wa mbu. Mwingine husikia kama mluzi, nyenje, upepo au mashine ya mbali.

Watu husema kuwa sikio likilia, kuna mtu anakusema. Wengine hufikiri ni jini. Sivyo. Mtu anayesikia mvumo hana wazimu, wala hakurogwa. Anasikia kweli, ila sauti hiyo inatoka ndani ya mwili wake.

Mvumo ni dalili. Ni kama moshi juu ya paa. Ukiona moshi, hupigani na moshi. Unatafuta moto uko wapi. Moto wenyewe unaweza kuwa puani, ndani ya sikio, katika damu, katika dawa ulizokunywa, au katika kazi unayofanya. Kwa hiyo dawa moja haiwezi kutibu mvumo wa kila mtu.

NJIA KATI YA PUA NA SIKIO

Mtu anaweza kuuliza: sikio ndilo linaumwa, kwa nini dawa iingie puani?

Sikio lina vyumba vitatu. Chumba cha nje ni tundu tunaloliona. Mwisho wake pana ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Tunaiita ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma pana chumba cha kati. Humo mna hewa na vifupa vitatu vidogo sana vinavyopitisha sauti. Chumba cha ndani kimejikunja kama konokono. Hicho ndicho kinachogeuza sauti kuwa habari na kuipeleka kwenye ubongo.

Chumba cha kati kina njia nyembamba inayotokea nyuma ya pua. Daktari mmoja wa Italia, Bartolomeo Eustachi, aliieleza vizuri njia hiyo katika miaka ya 1560. Kazi yake ni kuingiza hewa. Ukimeza mate au ukipiga miayo, njia hufunguka kidogo. Ndiyo maana wakati mwingine unasikia "pwa!" ndani ya sikio.

Mtu akishikwa na mafua, njia hiyo huvimba ikaziba. Hewa haiingii. Ngoma ya sikio huvutwa ndani. Sikio huwa zito, na mara nyingine huvuma. Hapo kisa kiko puani, ingawa kelele iko sikioni.

LINI DAWA YA PUA INAWEZA KUSAIDIA?

Jiulize maswali haya manne:

1. Je, mvumo ulianza pamoja na mafua, au pamoja na chafya na kuwashwa pua?
2. Je, pua yako imeziba?
3. Je, unaona sikio zito, kama lililoingia maji?
4. Je, ukimeza mate au ukipiga miayo, sikio hufunguka kidogo na mvumo hubadilika?

Kama majibu mengi ni ndiyo, basi kufungua pua kunaweza kuleta nafuu. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe mafua yakipona.

Kama pua yako ni safi, unapumua vizuri, na mvumo ulianza bila mafua, dawa ya pua haina kazi ya kufanya. Utapoteza fedha, na kubwa zaidi utapoteza muda.

VICHUPA VINAFANANA, DAWA HAZIFANANI

Dawa za kupuliza puani ziko za namna tatu. Kabla ya kununua, mwulize muuzaji: "Hii ni ya namna gani?"

Ya kwanza ni maji ya chumvi. Haya husafisha pua na kulainisha makamasi. Hayana hatari kubwa. Unaweza kuyatengeneza nyumbani. Chemsha maji, yaache yapoe. Chukua glasi ya robo lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi, koroga. Tumia siku hiyo hiyo, yanayobaki umwage. Usitumie maji ya mto au ya kisima ambayo hayakuchemshwa.

Ya pili ni dawa ya kufungua pua upesi. Majina yake ni zailometazolini na oksimetazolini. Dawa hii hubana mishipa midogo ya damu ndani ya pua. Uvimbe hupungua kwa dakika chache, nawe unapumua. Lakini sharti lake ni kutumia siku chache tu, siku 3 hadi 5. Ukizidisha, pua huizoea dawa. Nguvu ya dawa ikiisha, mishipa huvimba kuliko mwanzo. Mtu hupuliza tena, pua huvimba tena, naye hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni dawa. Hicho ndicho kilichompata mzee wetu wa Kibiti.

Ya tatu ni dawa ya kupunguza uvimbe polepole. Hutolewa kwa watu wenye mzio, yaani wale ambao vumbi, moshi au chavua za maua huwatoa chafya na makamasi. Hii haifungui pua papo hapo. Hutumiwa kila siku, na nafuu huja baada ya siku kadhaa au wiki. Itumie kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya.

Watu wafuatao wasitumie dawa ya namna ya pili bila kumwuliza mtaalamu: mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya jicho, na mama mjamzito. Usimpulizie mtoto mdogo dawa ya mtu mzima.

JINSI YA KUPULIZA

Wengi hupuliza vibaya. Hurudisha kichwa nyuma, hupuliza, kisha huvuta kwa nguvu. Dawa huteremka kooni, nao huimeza. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono. Penga kamasi taratibu, tundu moja baada ya jingine.
2. Inamisha kichwa mbele kidogo.
3. Shika kichupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na kwa mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Hivyo ncha itaelekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua.
4. Puliza kipimo ulichoelekezwa, huku ukivuta hewa polepole.
5. Futa ncha ya kichupa, kisha ukifunike.

Kichupa kimoja ni cha mtu mmoja. Mkiazimana, mtaazimana na ugonjwa.

Kama umezidisha siku kama mzee wetu, acha dawa. Pua itaziba kwa siku kadhaa. Vumilia, safisha kwa maji ya chumvi. Kwa kawaida pua hurudi katika hali yake.

KELELE ZINAZOUA MASIKIO

Sasa tuje kwenye sababu ambazo dawa ya pua haizigusi. Ya kwanza ni kelele.

Mzee wetu ni mkulima wa korosho. Katika msimu wa kupuliza mikorosho, wakulima wengi hubeba mgongoni mashine ya injini. Injini hiyo iko karibu sana na masikio. Inanguruma tangu asubuhi. Tazameni pia vijana wanaofanya kazi kwenye mashine za kukoboa mpunga Kibiti na Ikwiriri. Tazameni manahodha wa boti za injini katika delta ya Rufiji, na wale wa Nyamisati wanaokwenda Mafia. Wavuvi haramu wanaotumia baruti huvunja sheria, huua mazalia ya samaki, na mlipuko mmoja tu unaweza kupasua ngoma ya sikio.

Ndani ya kile chumba kilichojikunja kama konokono kuna chembe ndogo zenye vinyweleo. Sauti ikiingia, vinyweleo huinama na kuinuka. Mfano wake ni shamba la mpunga. Upepo ukipita, mpunga hulala, kisha huinuka. Ndivyo ilivyo mtu akitoka mashineni jioni masikio yakivuma, na asubuhi yakawa yamenyamaza. Lakini kiboko akitoka mtoni akaukanyaga mpunga, hauinuki tena. Kelele kubwa ya kila siku ni kiboko. Chembe zikifa, hazioti upya.

Kwa nini basi sikio linalokufa linapiga kelele? Fikiri juu ya redio. Ikishika kituo vizuri, unasikia maneno. Ikipoteza kituo, nawe ukaongeza sauti, unasikia mngurumo tu. Ubongo nao hufanya hivyo. Ukikosa habari kutoka sikioni, huongeza sauti, na mngurumo huo ndio mvumo.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huharibu masikio. Huna kipimo? Simama hatua moja na mwenzako. Kama ni lazima upaze sauti sana ndipo akusikie, kelele hiyo ni ya hatari.

Fanyeni hivi kazini. Vaeni vizibo au vifuniko vya masikio. Pamba na kitambaa havitoshi. Pokezaneni mashine, mtu mmoja asiibebe siku nzima. Pumzikeni mbali na injini. Rekebisheni bomba la moshi la injini likitoboka. Vyama vya ushirika vya korosho viingize vifaa vya kukinga masikio katika mipango yao, kama vinavyoingiza salfa.

DAWA ZINAZOVUMISHA MASIKIO

Sababu ya pili ni dawa tulizokunywa au kudungwa.

Wazee wa Rufiji wanaijua kwinini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa katika gome la mti wa Amerika ya Kusini. Imeokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini mgonjwa anayepewa kwinini mara nyingi husikia mvumo, na kichwa huzunguka. Kwa kawaida mvumo huo hupungua dawa ikimalizika.

Tanzania iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaweka SP. Mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa mseto. Kwa malaria kali, sindano ya atesuneti sasa hutangulia kwinini. Hata hivyo kwinini bado hutumika mahali pengine. Ukipewa, ukasikia mvumo, usikatishe dawa mwenyewe, kwa sababu malaria huua. Mwambie mhudumu. Yeye ndiye aamue.

Aspirini nyingi nayo huvumisha masikio. Sindano za jentamaisini, na streptomaisini iliyotumika sana kwa kifua kikuu, zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Kwa hiyo usidungwe sindano mitaani. Na ukienda hospitali kwa sababu ya mvumo, chukua vidonge na vichupa vyote ulivyotumia, uvionyeshe.

SABABU NYINGINE

Nta ikijaa sikioni huleta mvumo. Hii hutibika kwa urahisi kituoni. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku wala ufunguo. Utaisukuma nta ndani, au utatoboa ngoma. Usitie mafuta ya moto, wala maji ya majani.

Shinikizo la damu na upungufu wa damu huweza kuleta mvumo unaopiga kama moyo: du, du, du. Uzee nao hupunguza usikivu, na mvumo hufuata.

USINGOJE DALILI HIZI

Nenda kwa mtaalamu wa afya upesi ukiona moja ya haya:

Sikio moja limeacha kusikia ghafla, kwa siku moja au mbili. Hii ni dharura. Dawa husaidia zaidi ikianza mapema. Mtu akikaa mwezi mzima akipuliza pua, nafasi hiyo inaweza kumpita.

Mvumo uko sikio moja tu, na hauishi.

Mvumo unapiga pamoja na moyo.

Sikio linatoa usaha au damu, au linauma sana.

Unapata kizunguzungu kikali, uso umepinda, au mkono au mguu umepoteza nguvu.

Mvumo umeanza baada ya kugongwa kichwani.

Mzee wetu ana dalili ya pili, na kazi yake ni ya kelele. Ndiyo sababu tumesema aende akapimwe.

UENDE WAPI?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu atatazama ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Atapima shinikizo la damu. Kama nta imejaa, itatolewa. Likihitaji utaalamu zaidi, atakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au mbele zaidi hadi kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inao. Mwaka 2017 hospitali hiyo ilianza hata kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto viziwi.

Tunajua kwamba kwa mtu wa Msala, Mbuchi au Kiongoroni safari si ndogo. Ni kungoja maji yajae, kupata boti, kisha gari. Fedha za safari ni nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo usizimalizie kwenye vichupa visivyo na kazi. Kamati ya afya ya kijiji iwakusanye wenye shida ya masikio, wapate ushauri pamoja daktari anapotembelea zahanati.

Muuzaji wa duka la dawa muhimu ni mwenzetu. Amefundishwa, na anasaidia sana. Lakini yeye hana kifaa cha kutazama ndani ya sikio. Mwambie ukweli wote: mvumo ulianza lini, sikio lipi, una presha au huna.

KUISHI NA MVUMO

Wengine hupimwa, na mvumo ukabaki. Hakuna dawa ya kupuliza wala kidonge kinachojulikana kunyamazisha mvumo wa chembe zilizokufa. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri.

Usiku usikae katika kimya kabisa. Washa redio kwa sauti ndogo. Sauti ya upepo na ya wadudu wa nje pia husaidia. Lala kwa saa zako. Punguza kahawa ikiwa inakuzidishia. Ubongo hujifunza kuuzoea mvumo, kama mtu anayekaa karibu na mashine anavyoacha kuisikia. Kama usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia huweza kupunguza mvumo pia.

Watu wa nyumbani nao wana wajibu. Baba asiyesikia vizuri msimwite mkaidi. Semeni naye mkimtazama usoni, taratibu, bila kumpigia kelele. Mtu asiyesikia huanza kuepuka baraza, msikiti na mkutano wa kijiji. Huwa peke yake akiwa katikati ya watu. Hiyo ni hasara kwa kijiji kizima.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kukaa katika vikundi, kusoma, kisha kutenda. Tufanye hivyo na leo. Jadilianeni maswali haya:

1. Kwa nini dawa ya puani inaweza kumsaidia mwenye mafua, isimsaidie aliyeharibiwa sikio na mashine?
2. Kwa nini dawa ya kufungua pua upesi isipite siku 5?
3. Taja kazi tatu zenye kelele kijijini kwenu. Mtazikinga vipi?
4. Taja dalili tatu zinazotaka mtu aende kwa mtaalamu upesi.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya watoto wanaotoa usaha masikioni.